Mistari Mitatu Imesimama, Mmoja Umelala

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu aliingia porini na mizinga sita mipya na hakurudi. Taabu yangu ilianzia hapo. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto kama watoto wengine wa Kasekese, nakula, nacheza, nachapwa. Baada ya hapo nilikuwa mtu mzima mwenye miguu mifupi.

Naandika kwa mkono wangu. Nimesoma mpaka darasa la pili na sioni aibu. Wenye shule ndefu wanakuja kwangu kununua asali, siendi mimi kwao. Kuna waliotaka kuniandikia nikakataa, watanipambia maneno. Ninachotaka kusema ni habari ya alama, na siyo zile za shuleni. Za shuleni nazijua kidogo. Mwalimu alinipa alama mbili katika kumi, akaziandika kwa wino mwekundu, na ndiyo daftari la mwisho nililowahi kumiliki. Watoto wa siku hizi wanaziita maksi na wanalia wakizikosa. Mimi sikulia, nilikuwa na njaa.

Alama ninayosema mimi inakatwa kwa kisu. Sisi watu wa nyuki tunabandua gome la myombo wakati wa mvua, likiwa linaachia vizuri, tunalikunja, tunalishona, unakuwa mzinga. Chini ya tundu la kuingilia nyuki kila mtu anakata alama yake. Ukikuta porini mzinga wenye alama ya mwenzako, hata kama hujala siku tatu, unapita. Alama ya baba ilikuwa mistari mitatu imesimama na mmoja umelala juu yake kama paa.

Mrinaji wa asali akifa, matanga yakiisha, wazee wanakwenda chini ya mti wenye mzinga wake, wanaikwangua alama, kisha mtoto wake anapewa ruhusa ya kuikata upya. Alama isipokwanguliwa, mwenyewe anahesabiwa yupo. Na kama kuna mzinga mpya wenye alama yake, basi hakuna wa kubisha, yupo. Asali yake haiguswi, shamba lake haligawanywi, mke wake harithiwi.

Sasa baba yangu alikuwa wapi? Walimtafuta wiki mbili. Walipiga mbinja tu, kwa sababu porini hatuitani majina, kuna vitu vinajifunza jina la mtu vikilisikia. Walikuta kambi yake, majivu ya moto, na mfuko wa tumbaku umening'inia mahali mtu angeuchukua kama angekuwa anaondoka. Shoka halikuwepo. Mwili haukuwepo. Damu haikuwepo.

Mwaka ulipoisha akaja mdogo wake baba. Alikuwa na wake wawili tayari. Akakaa kwenye kigoda cha baba bila kukaribishwa, nikamchukia hapo hapo.

"Shemeji," alimwambia mama, "tumlie mwenzetu, tumalize. Nyumba haiwezi kukaa bila mwanaume."

"Umeona mwili?"

"Pori hili halirudishi mwili, unajua mwenyewe."

"Basi subiri lirudishe."

"Nitasubiri mpaka lini?"

"Kwani una haraka ya nini, wale wawili wamekuchoka?"

Akacheka, lakini alipoondoka alisema mvua zikikatika atawaita wazee, wapende wasipende waliomo ndani ya nyumba ile.

Mvua hazikukatika. Zikiwa katikati, baba mdogo alirudi kutoka porini amebadilika rangi. Nilikuwepo. Mama alikuwa chini anachambua uyoga aliotoka kuuchuma. Baba mdogo alisimama mlangoni, hakuingia, akasema ameona mzinga. Gome bichi, bado linatoa maji. Chini ya tundu mistari mitatu imesimama, mmoja umelala. Mama hakuinua uso. Alisema tu, "Ahaa," akaendelea kutoa udongo kwenye uyoga.

Wazee walikwenda wakaona, wakarudi. Matanga hayakufanyika. Baba mdogo hakukalia tena kigoda kile.

Watu watafikiri tulifurahi. Fikirini nyie wenyewe. Porini kuna mizinga sita ya baba imejaa asali na hatuwezi kuigusa kwa sababu mwenyewe yupo. Nyumbani mwenyewe hayupo. Tulikula mihogo na chumvi, mimi na dada zangu wawili wadogo, na nikaanza kubeba magome ya watu kwa malipo ya kula. Shule iliishia hapo. Na kila mwaka mvua zikinyesha, mtu alirudi na habari: kaona mwingine, mpya.

Mimi wa kwanza niliuona nikiwa na miaka kumi na sita. Ilikuwa saa saba mchana, mvua imetoka kunyesha, jua linawaka, majani yote yanametameta. Ghafla pori likanyamaza, hata wale wadudu wanaolia bila kupumzika wakanyamaza, nikageuka, huo hapo. Ulikuwa umewekwa chini sana, kwenye panda la mti ulioota kando ya kichuguu, kiasi kwamba mtu akisimama juu ya kichuguu anaugusa. Nikasogea. Nyuki hawakuwemo, wala mchwa. Nilitega sikio kwenye tundu nikasikia pumzi, nikaruka nyuma, kumbe pumzi yangu mwenyewe. Niliacha pale tumbaku kidogo nikaondoka kinyumenyume. Tangu siku hiyo nilikuwa naacha tumbaku kwenye kila mmoja. Nyuki hawakuwahi kuingia hata kwenye mmoja, na hilo ndilo lililotutisha kuliko yote. Tulisema nyuki wanamjua mwenye mizinga, na wanajua si mtu wa kukaa naye.

Baba mdogo alipofariki, mizinga mipya ikakoma. Watu wakasema ndugu wameshapatana huko waliko. Ile ya zamani ikaoza mmoja mmoja, ikaanguka.

Mimi nilikata alama yangu mwenyewe, msalaba na nukta chini yake. Sikurithi alama, sikurithi asali, sikurithi kitu. Nilianza na mizinga miwili, nikawa na kumi, nikawa na mia. Nilipeleka asali Karema kwa baiskeli nikarudi na dagaa, nikauza dagaa Mpanda nikarudi na mabati. Nilifyeka shamba la nyumbani upya, eka kumi na mbili, visiki vyote niling'oa mimi. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Wanaosema nilisaidiwa waje waseme mbele yangu.

Ndiyo maana mwaka juzi waliposema mashamba yanapimwa na kila mtu atapewa hati, nilikuwa wa kwanza kufyeka mipaka yangu. Nilitaka karatasi yenye jina langu. Si kwa ajili ya kitu kingine, nilitaka tu niione ukutani kabla sijafa. Wapimaji wakaja, wakafukia mawe pembeni, wakayapaka alama nyekundu. Shamba langu jingine, la Kakese, niliandikisha siku zile zile. Likabaki la nyumbani, ambalo kwa ukoo bado lilikuwa la baba, na anayeweza kuniachia ni mama, akiwa mjane.

Karani alikuwa binti mdogo mwenye adabu, kashika fomu yenye vyumba vidogovidogo vya kutia tiki. Mama alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka. Macho yalikuwa yameshaingia ukungu, magoti yamekataa siku nyingi, lakini mdomo ulikuwa na nguvu zake.

"Bibi, shikamoo. Hali ya ndoa?"

"Marahaba. Nimeolewa."

"Babu yuko wapi tumchukue alama ya kidole?"

"Porini."

"Anarudi lini?"

"Hajasema."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia karani, "Andika mjane."

"Unataka mjane?" mama akanigeukia. "Kufa wewe, mkeo awe mjane, umpate mmoja."

Hapo watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akafuta machozi. Karani akaweka kalamu chini. "Mzee, bila kidole cha bibi siwezi kuandika kitu. Nyie malizaneni, mimi narudi baada ya wiki mbili kukusanya fomu za mwisho. Baada ya hapo mpaka awamu nyingine, na sijui ni lini."

Jioni tuligombana vibaya. Nilimwambia mama, miaka hamsini. Nilimwambia hata chuma kingeoza. Akaniambia, "Chuma sikuolewa nacho." Nikasema kesho naingia porini. Nitatafuta mzinga mmoja wa zama zile, hata kipande, nimletee, aushike kwa mkono wake ausikie ulivyooza, ajue kwamba mwenye alama ile hayupo. Nisamehewe, lakini ndivyo nilivyopanga. Nilitaka aseme kwa mdomo wake kwamba baba amekufa.

Nilikwenda na pikipiki mpaka barabara ilipoishia, halafu kwa miguu nusu siku, nikalala kambini kwangu. Kesho yake, karibu na saa sita, nilikuwa natembea nikiangalia chini, natafuta magome yaliyooza, ndipo nikakanyaga vipande vibichi. Vipande vya mti, vyeupe, vyenye maji. Mbele yangu myombo umebanduliwa gome, utomvu unashuka. Nikainua uso.

Ulikuwa juu sana, mahali ambapo mimi mwenyewe nimeacha kupandisha mzinga siku nyingi. Mpya. Mistari mitatu imesimama, mmoja umelala.

Nilisimama muda gani sijui. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, chini kote tope laini. Nilizunguka mti ule mara mbili nikitafuta nyayo. Zilikuwepo za aina moja tu, zangu. Sikupiga mbinja. Niliogopa isijibiwe, na niliogopa zaidi ijibiwe.

Lakini mimi ni mtu mkaidi, na hasira ya ule ugomvi ilikuwa bado haijaisha. Nikapanda. Nina umri wa kukaa kitini na nikapanda, nikafungua kamba, nikaushusha. Ndani ulikuwa umepakwa nta ya kuita nyuki, inanukia vizuri, kazi safi. Nikaubeba begani mpaka kwenye pikipiki, nikaufunga kwenye kiti cha nyuma kwa kamba ile ile. Njia nzima mpaka Kasekese kioo cha pembeni nilikigeuza kikaangalia juu. Sikutaka kuona kiti cha nyuma.

Nilifika kesho yake alasiri. Mama yuko pale pale barazani. Nikaufungua mzinga nikauweka mapajani mwake, na kule kukosa adabu kwangu, nikasema, "Haya. Mume wako huyo. Muulize kama wewe ni mjane."

Niliamini atashtuka. Hakushtuka. Aliupapasa kama mtu anavyopapasa mtoto mchanga aliyeletwa kutoka kwa jirani, akainama akaunusa.

"Umefungwa na nini?"

"Kamba ya gome."

"Nipe." Akakishika kifundo nilichokuwa nimekiacha upande mmoja, kile chetu warinaji kinachoficha ncha ya kamba, akakifuatisha kwa vidole. "Ulikuwa juu au chini?"

"Juu. Juu sana."

"Kichuguu kilikuwepo?"

Nikasema hapana. Halafu nikamtazama. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote habari ya kichuguu.

"Mama, umejuaje vichuguu?"

Akasema, "Kaa chini, baba. Unanizibia upepo."

Nikakaa.

"Nilikuwa na miaka ishirini na nane," alisema. "Baba yako mdogo alikuwa anakuja kunichukua kama mbuzi. Ningekwenda wapi na nyie watatu? Nikaenda kuchuma uyoga."

Sikuelewa. Alinieleza polepole, kama ananifundisha kuvaa shati. Wanawake huingia porini wakati wa uyoga, siku mbili, siku tatu, hakuna anayewauliza. Uyoga na gome la kubandua vinakuja pamoja, kwenye mvua zile zile. Alikuwa amemwona baba akishona mizinga uani miaka yote. Alibandua, akashona, akakata alama, akaiweka mizinga mahali anapofika akisimama juu ya kichuguu, kwa sababu kupanda hakujua. Aliifunga kifundo cha mzigo wa kuni, kwa sababu ndicho alichokijua. Nta hakupaka, hakujua kama inapakwa.

"Mwanamke haruhusiwi hata kuugusa mzinga wa porini," nilisema. Ni kitu cha kijinga kumwambia mtu baada ya miaka hamsini, lakini ndicho kilichotoka.

"Ndiyo maana hamkunishuku. Mlikuwa mnaangalia mizimu."

"Nilikuwa naacha tumbaku!"

"Nilikuwa naichukua. Nzuri tu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kitu. Mimi, mrinaji wa kuitwa mrinaji, nimeangalia vifundo vya kuni ujana wangu wote nikaona mkono wa marehemu. Hakuna mwanaume hata mmoja aliyeona. Mzinga uko chini, kifundo cha mama zetu, nyuki hawaingii, na sisi wote tunatetemeka.

"Na huu?" nikamwuliza. "Huu umempa nani aukate?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alikuwa bado anapapasa alama, anarudia mstari ule uliolala, anakwenda na kurudi.

"Mimi niliacha alipozikwa baba yako mdogo. Sikumwambia mtu, hata Mungu nilimwambia nusu. Mimi nilikuwa nakata kwa mkono wa kulia, naanzia kushoto. Mwanzo unazama, mwisho unakuwa mwembamba. Shika."

Nikashika. Mstari ulikuwa umezama upande wa kulia, ukawa mwembamba ukienda kushoto.

"Baba yako alikuwa anatumia mkono wa kushoto," mama alisema. "Huu si wangu."

Kuku walikuwa wanaparura uani. Mke wangu alikuwa anatwanga nyuma ya nyumba, nikasikia mchi umesimama, ukaendelea. Mama aliweka viganja vyote viwili juu ya gome kama watu wanavyoota moto.

"Kaurudishe," alisema. "Palepale. Umemchukulia mwenzio kitu chake."

Nilirudi. Sitaki kujisifu hapa, nilikwenda kwa woga, nikasali njiani, nikavuta sigara ambazo nilikuwa nimeacha miaka kumi. Nilipofika chini ya mti sikuona kitu, tope lilikuwa na nyayo zangu za siku ile na maji yamejaa ndani yake. Nikapanda na mzinga mgongoni. Kamba yake nilikuwa nimekuja nayo mfukoni, ile niliyofungua kwa mikono yangu. Juu, kwenye panda, kulikuwa na kamba nyingine. Mpya, imeshafungwa upande mmoja kile kifundo chetu cha kuficha ncha, imekaa wazi inasubiri. Nikaupitisha mzinga, nikakaza, nikashuka. Nilisema shikamoo. Nilisema kwa sauti, kwa sababu hata kama ni mtu mwingine ni wa kuamkiwa.

Wajuaji watasema kuna mrinaji mwingine mwenye alama kama ile. Inawezekana. Nimeuliza Kasekese yote, nimeuliza mpaka Karema kwa watu wa ziwani wanaopanda kutega mizinga. Hakuna mwenye alama hiyo. Nimeuliza anayetumia kushoto, nikaonyeshwa wawili, mmoja hana nguvu za kupanda kitanda, mwingine anaogopa nyuki.

Karani alirudi siku aliyosema. Akamwuliza mama hali ya ndoa, mama akajibu nimeolewa, karani akanitazama mimi.

"Andika hivyo," nikasema.

"Mzee, nikiandika hivyo mmiliki anakuwa babu. Wewe hutakuwemo."

"Nimesikia. Andika."

Akatia tiki. Mama akachovya kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza chini ya karatasi muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, karani akamwambia inatosha bibi. Kidole kile kilikaa na weusi wiki nzima, alikataa kuoshwa.

Alifariki masika yaliyofuata, mchana, akiwa amelala kwenye mkeka ule ule. Ukoo waliniuliza, tuunganishe matanga, tumlie na baba yako hapo hapo tumalize? Nikasema tunamlia mmoja. Kwenye msalaba niliandikisha mke wa fulani, sikuandikisha mjane.

Mzinga ule nyuki wameingia. Nimepita chini yake mara mbili, unavuma. Siurini.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, bati. Kiwanja kimoja Mpanda mjini, kina vyumba vya kupangisha. Shamba la Kakese, eka nane, hati yenye jina langu ipo ukutani. Pikipiki moja. Ng'ombe kumi na mmoja. Mizinga mia mbili na arobaini ya magome na thelathini ya mbao, yote ina msalaba na nukta. Kigoda cha baba, hakikaliwi. Shamba la nyumbani eka kumi na mbili si langu, ni la baba, mimi nalilima tu mpaka atakaporudi.